Mbegu Katika Ardhi ya Nani? Dhiki na Uhuisho wa Jamii Katika Bunilizi za Tabianchi

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna bunilizi za tabianchi zinavyosawiri kuporomoka kwa jamii na kuhuishwa kwake. Kazi zinazoshughulikiwa ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi (2009), riwaya mbili za Octavia E. Butler, Parable of the Sower (1993) na Parable of the Talents (1998), pamoja na riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014). Hoja kuu ni kwamba taswira ya mbegu, ambayo ndiyo nembo ya matumaini katika kazi nyingi za mkondo huu, haiwezi kuhakikiwa pasi na kuuliza mbegu hiyo inapandwa katika ardhi ya nani na kwa gharama ya nani. Inadaiwa kuwa riwaya ya Kiswahili ya kihalisia, ingawa kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa bunilizi za tabianchi, inaliuliza swali hilo kwa ukali zaidi kuliko kazi zinazosifiwa kwa kubashiri siku za usoni.

1.0 Utangulizi

Bunilizi za tabianchi ni kazi za kubuni ambamo mabadiliko ya tabianchi si pambo la mandhari bali ni nguvu inayosukuma msuko na kuamua hatima ya wahusika. Ukame usiokoma, mafuriko, moto na uhaba wa maji huchukua katika kazi hizi nafasi ambayo katika riwaya nyingi za kihalisia ilishikwa na mtawala dhalimu au mwenye shamba. Mkondo huu umeshamiri tangu mwanzoni mwa karne ya 21, ijapokuwa mizizi yake ni mirefu zaidi.

Msomaji wa Kenya hahitaji kushawishiwa kuwa suala lenyewe ni zito. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki mwa nchi, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikaangamia. Kabla wafugaji hawajajikusanya, mvua za vuli za 2023 na zile za masika ya 2024 zilikuja kwa kishindo cha mafuriko. Pale ambapo jana palikuwa na mizoga ya ng'ombe waliokufa kwa kiu, leo palikuwa na madaraja yaliyosombwa na maji. Fasihi inayoishi katika mazingira kama haya haina budi kujiuliza ina zana gani za kuyaeleza.

Hata hivyo, uhakiki wa bunilizi hizi umeelemea mno upande mmoja. Aghalabu huulizwa iwapo mwandishi amebashiri sawasawa. Butler, kwa mfano, amesifiwa kuwa nabii kwa sababu shajara ya mhusika wake mkuu inaanza mwezi Julai 2024 katika kitongoji cha kubuni karibu na Los Angeles, na Januari 2025 moto ukateketeza sehemu kubwa ya Altadena, mji unaopakana na Pasadena alikokulia mwandishi huyo. Sifa hiyo inaeleweka, lakini inaigeuza fasihi kuwa tawi la idara ya utabiri wa hali ya hewa. Mtabiri akikosea, kazi yake imekwisha. Mtunzi wa riwaya akikosea tarehe, kazi yake bado haijaanza kuhakikiwa. Linalopaswa kuulizwa ni jamii ya namna gani inabuniwa baada ya janga, nani anaijenga, na nani anailipia.

2.0 Majira, Methali na Umbo la Masimulizi

Kabla ya kuzichambua kazi teule, yafaa kutazama kwanza jinsi lugha yenyewe inavyoyafikiri majira. Kiswahili kina hazina pana ya istilahi za majira na pepo: masika, vuli, kiangazi, kipupwe, kaskazi, kusi. Istilahi hizi si majina matupu. Ni ratiba. Baharia aliyesafiri kwa kaskazi alijua kuwa kusi itamrejesha, na mkulima aliyeona masika yakiisha alijua siku za kusubiri mavuno. Methali nazo zimejengwa juu ya ratiba hiyo. Anayesema kuwa dalili ya mvua ni mawingu anategemea kwamba wingu na mvua havijaachana. Anayemliwaza mwenzake kuwa baada ya dhiki faraja anatumia neno “baada” kana kwamba wakati ni mduara unaojua njia ya kurudi ulikotoka.

Imani hiyo ya mduara imeingia katika umbo la riwaya. Sehemu kubwa ya riwaya za Kiswahili humtoa mhusika katika dhiki, zikampitisha katika misukosuko, hatimaye zikamfikisha kwenye faraja. Siku Njema (1996) ya Ken Walibora, ambayo jina lake linakumbusha methali ya asubuhi inayoitangulia siku, ni mfano unaofahamika na wengi: mwana aliyeteseka anasafiri, anampata baba, anapata nafasi yake duniani. Umbo hili halina kasoro kwa lenyewe. Tatizo huzuka pale ambapo dhiki inayosimuliwa haina tabia ya kupita. Mfugaji wa Marsabit aliyeyaona mawingu yakikusanyika na kutawanyika misimu mitano hawezi kuambiwa asubiri “baada” bila kwanza kuulizwa atasubiri akila nini.

Wananadharia kadhaa wamelikabili tatizo hili kutoka pande tofauti. Darko Suvin, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu bunilizi za kisayansi, alieleza kwamba utanzu huo huufanya ulimwengu tuuzoeao uonekane mgeni kwa njia inayomlazimisha msomaji kutumia akili, wala si kushangaa tu. Rob Nixon, katika kitabu cha 2011, alitumia dhana inayoweza kutafsiriwa kuwa ukatili wa polepole: madhara yanayotambaa kwa miaka mingi bila kishindo, na ambayo kwa hiyo hayavutii macho ya magazeti wala ya watawala. Amitav Ghosh naye, katika kazi ya 2016, alilalamika kwamba riwaya inayoitwa ya maana imeyafungia nje matukio ya tabianchi kwa kuyaona kuwa si ya kawaida, na hivyo kuyaachia tanzu zinazodharauliwa.

Lalamiko la Ghosh haliwezi kuhamishiwa katika fasihi ya Kiswahili jinsi lilivyo. Riwaya ya Kiswahili haikungoja ruhusa ili ivuke mipaka ya uhalisia. Euphrase Kezilahabi katika Mzingile (1991) aliuweka ulimwengu wake baada ya maangamizi. Katama Mkangi katika Walenisi (1995) alimtoa Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, akamfikisha katika jamii nyingine yenye usawa, ambayo jina lake likitamkwa polepole linafichua kuwa wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) alimzungusha msimulizi wake katika dunia iliyojeruhiwa na utandawazi. Kazi hizi zimeandaa uwanja. Hata hivyo, janga ndani yake ni la kisiasa, la kimaadili au la kifalsafa kwanza, na mazingira hufuata. Makala hii inazigeukia kazi ambamo maji, miti na ardhi vinatangulia.

3.0 Pumzi: Uhaba Kama Nidhamu

Filamu ya Wanuri Kahiu ina urefu wa takribani dakika 20 tu, nayo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Inahakikiwa hapa kama matini, kwa kuwa masimulizi yake ni ya kifasihi na athari yake katika mjadala wa Kiafrika wa mkondo huu ni kubwa. Jina lake ni la Kiswahili, ingawa mazungumzo yake machache ni ya Kiingereza. Tukio lake limewekwa miaka 35 baada ya vita kuu vya tatu vya dunia, vilivyopiganiwa maji. Wanadamu waliosalia wanaishi ndani ya jengo la jumuiya ya Maitu, katika eneo la Afrika Mashariki, na nje inaaminiwa kuwa mauti matupu.

Ustadi mkubwa wa filamu hii umo katika usawiri wa dhiki. Kahiu hakuchora vurugu. Hakuna magenge, hakuna mayowe, hakuna maiti barabarani. Kilichopo ni utulivu wa kutisha. Kila mtu ana mgao wake wa maji. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa na watu wenyewe kwa kuendesha mitambo ya mazoezi, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Baraza linalotawala halipigi kelele. Linatoa amri kwa sauti tulivu kupitia kioo cha mashine. Dhiki imekwisha kuwa utaratibu, na utaratibu huo unajitetea kwa hoja ya uhaba: kwa kuwa maji ni haba, hakuna nafasi ya swali.

Hapa dhana ya Suvin inadhihirika vizuri. Mtazamaji anayeiona jumuiya ya Maitu kuwa ngeni anagundua baada ya muda mfupi kuwa si ngeni hata kidogo. Mji ambao mabomba ya mitaa fulani hutoa maji kila siku huku mitaa mingine ikinunua kwa mtungi unaelewa mgao. Tofauti ni kwamba katika filamu mgao umeandikwa waziwazi, ilhali mjini umefichwa ndani ya bei.

Asha, mhusika mkuu, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe asilia vilivyotoweka. Siku moja anapokea kisanduku kisicho na jina la mtumaji, ndani yake mna udongo. Anaupima, anakuta una unyevu na hauna sumu ya mnururisho. Anapanda mbegu, mbegu inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa, maabara yake inaharibiwa, naye anatumwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme. Kwa msaada wa mwanamke anayesafisha vyoo anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na hata jasho lake, kisha anaukinga jua kwa mwili wake hadi anapolala asiamke. Kamera inapaa. Mti unakua pale alipolala, na pembezoni mwa picha kunaonekana kijani cha msitu.

Mwisho huu ni mzuri, na uzuri wake ndio unaouzuia kuulizwa maswali. La kwanza ni la gharama. Uhuisho wote umebebwa na mwili wa mwanamke mmoja. Jumuiya ya Maitu inabaki ilivyo: Baraza liko kitini, mitambo inazunguka, aliyemsaidia Asha amebaki chooni. Mti umezaliwa, jamii haijazaliwa. Kwa kuwa neno maitu kwa Kikuyu lina maana ya mama, yaelekea kusudio la msanii ni kumfanya Asha kuwa mama wa ulimwengu mpya. Lakini mama anayekufa ili wengine waishi ni taswira ambayo fasihi ya Kiafrika imeizoea kupita kiasi, na mazoea hayo yana madhara. Yanawafundisha wasomaji kuwa kujitoa mhanga ni wajibu wa mwanamke, na kupokea ni haki ya jamii.

La pili ni la ardhi. Jangwa analovuka Asha ni tupu. Halina mtu, halina jina, halina njia. Mche unapandwa mahali pasipo na mwenyewe. Taswira hiyo si mpya katika historia ya Kenya. Maeneo makavu na nusu kavu ni zaidi ya asilimia 80 ya nchi, nayo yamesawiriwa tangu enzi ya ukoloni kama ardhi tupu inayongoja kupewa maana na wageni. Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 uliendeleza mtazamo huo kwa kuelekeza rasilimali za maendeleo kule zilikoaminiwa kuzaa haraka, yaani katika nyanda zenye rutuba. Jangwa tupu katika filamu ni la kubuni, lakini macho yanayoliona kuwa tupu yana historia.

Huenda ikajibiwa kwamba jangwa la Pumzi limeachwa tupu na vita, na kwamba filamu ni ngano, hivyo isipimwe kwa vigezo vya sheria ya ardhi. Jibu hilo lina uzito, lakini filamu yenyewe inalipinga. Kisanduku cha udongo hakikujileta. Yuko aliyekijaza, na bila shaka alifika mahali penye udongo hai kabla ya Asha. Ikiwa hivyo, nje si tupu: kuna mtu, huenda kuna watu. Filamu inamsahau mtumaji huyo mara tu kazi yake katika msuko inapokwisha, kama inavyomsahau msafishaji wa vyoo. Katika wahusika hao wawili wasio na majina mlikuwa na mbegu ya masimulizi mengine, ya uhuisho unaofanywa na wengi.

Jambo hili linashangaza zaidi likiwekwa kando ya historia ambayo filamu inaiazima. Mwaka huo huo wa 2009 Kahiu alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai, na mche wa Asha hauwezi kutenganishwa na miche ya Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lililoanzishwa mwaka 1977. Lakini miche ya Maathai haikupandwa na mtu mmoja wala haikupandwa katika ardhi tupu. Ilioteshwa katika vitalu vya vikundi vya wanawake vijijini, waliolipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulionawiri. Na katika msitu wa Karura, ambako Maathai na wenzake walishambuliwa Januari 1999, kupanda mti kulikuwa kudai kwamba ardhi ile ya umma haikustahili kugawiwa watu binafsi. Mche ulikuwa hoja ya umiliki. Pumzi imeuchukua mche, ikaiacha hoja.

4.0 Butler: Jumuiya, Agano na Hatimiliki

Riwaya ya Parable of the Sower imetungwa kwa muundo wa shajara ya msichana mweusi, Lauren Olamina, anayeanza kuandika akiwa na miaka 15. Anaishi katika kitongoji kilichozungushiwa ukuta, baba yake akiwa mchungaji na mwalimu wa chuo. Mvua ni nadra, maji ni ghali kuliko petroli, kazi hazipatikani, na nje ya ukuta maskini wamekata tamaa. Kampuni moja inaununua mji mzima wa pwani na kuwapa wakazi usalama na ujira mdogo kwa masharti ambayo yatawageuza wadeni wa kudumu. Butler anaonyesha kwamba tabianchi haiui peke yake. Inaharakisha yale ambayo jamii ilikuwa tayari imeyakubali: ubaguzi, ubinafsishaji wa huduma, na kuta.

Ukuta wenyewe unabomolewa mwaka 2027 wa riwaya. Kitongoji kinateketezwa, na Lauren anashika njia ya kaskazini kwa miguu. Tofauti na Asha, hatembei peke yake. Kila anapopiga hatua anaokota watu: jirani aliyenusurika, wazazi na mtoto wao mchanga, mayatima, waliotoroka utumwa wa madeni. Kundi hili halikuungana kwa sababu ya wema. Liliungana kwa sababu usiku lazima mtu mmoja akeshe wenzake walale. Zamu ya ulinzi, kugawana chakula, kufundishana kusoma, ndiyo mambo yanayozaa agano. Imani anayoibuni Lauren, inayofundisha kuwa mabadiliko ndiyo nguvu isiyoepukika na kwamba binadamu anaweza kuyaelekeza, inakuja kuyapa maneno mazoea ambayo tayari yanatendwa. Kwa upande wa usawiri wa uhuisho, hapa Butler anamzidi Kahiu.

Hata hivyo, swali la ardhi linajitokeza hapa pia, kwa namna nyingine. Kundi linatulia katika shamba la Bankole, daktari mzee ambaye ameandamana na Lauren na kuwa mumewe. Wanapofika wanakuta nyumba imechomwa na jamaa za Bankole wamegeuka mifupa. Wanawazika kwa kuwapandia mialoni, kila marehemu na mbegu yake, na jumuiya inapata jina la tunda la mti huo. Katika tukio hili mbegu haipandwi katika utupu; inapandwa juu ya wafu wenye majina, na uhuisho unaanza kwa kukiri hasara. Lakini jumuiya hii isiyoamini mipaka ya zamani imesimama juu ya hati ya mtu mmoja, iliyotolewa na dola iliyokwisha kufa.

Butler hakulikwepa tatizo hilo, na kwa sababu hiyo riwaya ya pili haiwezi kutenganishwa na ya kwanza. Katika Parable of the Talents, wafuasi wa kundi la kidini lenye uhusiano na rais mpya wa nchi wanaivamia jumuiya, wanawavisha wakazi wake mikanda ya utumwa, wanawapokonya watoto na kuligeuza shamba kuwa kambi ya adhabu. Hati haikuwalinda. Baada ya kujikomboa, Lauren anaachana na wazo la kuanzisha makazi mengine ya aina hiyo. Anaisambaza imani yake nyumba kwa nyumba, ili isiwe na mahali pamoja pa kuchomwa. Jumuiya inajifunza kuishi bila shamba.

Mafanikio hayo yana kivuli chake. Mwishoni mwa riwaya wafuasi wa Lauren wanapaa kwenda kuishi katika sayari za mbali, na chombo kinachowabeba kimepewa jina la Christopher Columbus, jambo ambalo Lauren mwenyewe halipendi. Katika jina hilo moja Butler ameweka hukumu nzima. Ndoto ya kuanza upya mahali papya inafuatwa kila mara na kivuli cha baharia aliyefika mahali penye watu akapaita papya. Msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita jina hilo kwa haraka.

5.0 Chozi la Heri: Aitwaye Mfuata Mvua

Chozi la Heri haijapata kuhesabiwa miongoni mwa bunilizi za tabianchi. Wahakiki na walimu, walioisoma zaidi kama kitabu teule cha shule za upili, wameitazama kama riwaya ya ghasia za baada ya uchaguzi, ukimbizi wa ndani na malezi. Usomaji huo ni sahihi lakini haukamiliki. Chini ya mgogoro wa kikabila mna mgogoro wa mvua, misitu na mashamba, nao ndio unaoupa ule wa kwanza makali yake.

Ushahidi wa kwanza ni wa kimsamiati. Ridhaa, daktari ambaye familia yake inateketezwa katika ghasia, aliwahi kudhihakiwa na watoto wenzake utotoni kwa kuitwa mfuata mvua. Dhihaka hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko ilivyochunguzwa hadi sasa. Kufuata mvua ndiyo hekima kongwe zaidi ya kuishi katika nchi yenye mvua haba. Wafugaji wameifuata, wakulima wameifuata, na historia ya jamii nyingi za Afrika Mashariki ni historia ya kufuata mvua. Katika riwaya hekima hiyo imegeuzwa tusi. Aliyefika mapema anamwambia aliyechelewa kuwa mvua hii ina wenyewe. Neno moja limebeba kiini cha bunilizi za tabianchi: mvua ikipungua, ujirani unageuka kesi ya mipaka.

Ushahidi wa pili ni mhusika Lunga. Tangu shuleni anasawiriwa kuwa mtetezi wa mazingira. Baadaye anapoteza kazi kwa kukataa kushiriki katika kuwauzia wananchi mahindi mabovu, na analazimika kutafuta riziki kwa kilimo katika Msitu wa Mamba. Aliyeipenda miti anaishi kwa kuikata. Kisha serikali inaamua kuuokoa msitu, na Lunga anafurushwa pamoja na wenzake. Familia yake inasambaratika, mkewe anaondoka, naye anakufa akiwaacha watoto wake bila mlinzi.

Kinaya hiki ni kikali kuliko chochote katika Pumzi au katika riwaya za Butler, kwa sababu hakiruhusu upande safi. Msitu unastahili kuokolewa; hilo riwaya hailikani. Lunga naye anastahili mahali pa kulala. Hilo pia halikaniki. Anayetoa amri ya kuuokoa msitu ni dola ile ile iliyomfukuza Lunga kazini alipokataa uovu. Uhuisho wa mazingira unaletwa kwa gari la polisi. Msomaji wa Kenya atayakumbuka mara moja yaliyotukia katika msitu wa Mau, ambako watu walifurushwa katika awamu kadhaa kwa jina la kulinda vyanzo vya maji. Atakumbuka pia kwamba tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za Waogiek, wenyeji wa msitu huo, na kwamba baada ya uamuzi huo, mwishoni mwa 2023, baadhi yao walifurushwa tena. Aliyeishi msituni vizazi na vizazi na aliyeingia juzi kwa stakabadhi za kisiasa huondolewa kwa tangazo moja. Kwa kuwa Lunga si wa kundi la kwanza wala si tapeli wa kundi la pili, amewekwa pale ambapo sheria na huruma zinagongana.

Je, riwaya hii inatoa uhuisho gani? Watoto wa Lunga, Umu na ndugu zake, wanatawanyika kisha wanapata wazazi wapya. Umu anachukuliwa na Mwangeka, mwana wa Ridhaa, na mkewe Apondi, watu ambao nao wamefiwa. Familia inaundwa upya kwa hiari. Wazo hili linakaribiana na kundi la wasafiri la Butler, na lina mizizi mirefu zaidi katika jadi za Kiafrika za kulea mtoto wa mwenzako. Udhaifu wake ni kwamba faraja hiyo inabaki nyumbani. Watoto wamepata paa. Waliofurushwa pamoja na baba yao hawajapata shamba. Kadiri riwaya inavyokaribia mwisho, Msitu wa Mamba unafifia, na ule mduara wa dhiki na faraja uliojadiliwa awali unajifunga. Riwaya iliyouliza swali gumu kuliko nyingine zote inalijibu kwa ngazi ya familia peke yake. Kwa haki ya mwandishi, yafaa kusemwa kwamba uhalisia wenyewe haujawapa waandishi jibu la ngazi ya taifa.

6.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kuwa kila kazi ina nguvu mahali ambapo nyingine ina upungufu. Pumzi inatufundisha kuiona dhiki kama utaratibu unaotawala kwa utulivu. Riwaya za Butler zinatufundisha kuwa uhuisho ni kazi ya wengi, unahitaji mazoea kabla ya imani, na sharti uweze kubomolewa bila kufa. Chozi la Heri inatukumbusha kwamba hakuna mbegu inayopandwa mahali patupu: penye udongo pana madai, na penye madai pana historia.

Yafuatayo yanapendekezwa kwa uhakiki wa siku zijazo. Kwanza, mpaka kati ya bunilizi za tabianchi na riwaya ya kihalisia ya Kiswahili ulegezwe. Ukame, misitu na mafuriko vimo katika riwaya, tamthilia na mashairi mengi ambayo yamesomwa kwa macho ya siasa tu, na usomaji mpya utafichua mengi. Pili, taswira za matumaini zihakikiwe kwa ukali ule ule unaotumiwa kuhakiki taswira za maangamizi. Mche, mtoto na mvua ya mwisho wa hadithi visipokewe kama majibu mpaka ijulikane nani amelipa. Tatu, watunzi wa Kiswahili wanayo nafasi ambayo bado haijatumiwa: kuandika riwaya inayofuata mvua kwa upande wa anayeifuata, mfugaji au mkulima ambaye kwake kuhama ni maarifa wala si janga. Riwaya hiyo itahitaji umbo jipya, kwa sababu mduara wa “baada ya dhiki faraja” hautamtosha mtu ambaye faraja yake imo katika kujua lini aondoke na apite katika ardhi ya nani, kwa mapatano gani.

Mapatano ndiyo neno ambalo kazi zote zilizojadiliwa zinalikaribia bila kulifikia. Asha hakupatana na mtu, alikufa. Lauren alipatana na wenzake, lakini si na majirani waliokuja kumchoma. Ridhaa na Lunga waliishi katika nchi ambayo mapatano yake ya ardhi yalivunjwa kila baada ya uchaguzi. Fasihi haiwezi kuleta mvua wala kutoa hatimiliki. Inaweza hata hivyo kubuni mazungumzo ambayo wenye msitu, waliofika jana na watakaofika kesho bado hawajayafanya, na kuyabuni kwa undani kiasi cha kuyafanya yaaminike. Kazi hiyo ya ubunifu bado inamsubiri mtunzi wa Kiswahili.